Ngoma Inayotafuta Watu: Kisa cha Banda la Bagika na Bagalu huko Bujora

Ushindani wa ngoma za Wasukuma una kanuni moja ambayo mgeni huishangaa. Vikundi viwili huingia uwanjani kwa wakati mmoja, kila kimoja upande wake, na vyote huanza kucheza. Hakuna anayesubiri zamu. Watazamaji wako huru kwenda huku au kule, na wanakwenda kweli: kikundi kikizubaa kidogo, watu wanamiminika upande wa pili. Aliyevuta umati mkubwa ndiye aliyeshinda. Waamuzi wenye kalamu, wakiwepo, huandika tu kile ambacho miguu ya watu imeshaamua.

Sasa kanuni hiyo uiingize makumbusho. Njuga, jembe, ngoma na sanamu, vyote vilivyotengenezwa ili kumnyang'anya mpinzani watazamaji wake, vimetulia ukutani mbele ya mgeni ambaye ameshalipa kiingilio na hana mwingine wa kumkimbilia. Kazi ya kifaa ilikuwa kuvuta, na aliyesimama mbele yake amekwishavutwa na kitu kingine kabisa, pengine ratiba ya safari ya shule.

Kisa hiki kiko Bujora, Kisesa, wilayani Magu, kiasi cha kilomita 20 kutoka jijini Mwanza ukishika barabara ya Musoma. Hapo yapo Makumbusho ya Wasukuma, na kati ya mabanda yake limo banda la vyama viwili vya ngoma, Bagika na Bagalu. Nataka kupima vifaa vya ngoma vinaweza kusimulia nini kuhusu starehe na michezo ya watu wa Usukuma, na ni wapi vinaishia. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: kifaa muhimu kuliko vyote katika historia hii hakimo ndani ya banda. Ni uwanja ulio nje.

Mahali na walioliasisi

Bujora ilianza kama parokia. Padri David Clement, Mkanada kutoka Quebec na mmoja wa Wamisionari wa Afrika, ambao wengi huwaita White Fathers, alianza kazi hapo miaka ya 1950. Wenyeji walimpa jina la Fumbuka. Enzi zile misheni nyingi ziliihesabu ngoma kuwa upagani, na muumini aliyeonekana uwanjani aliweza kujikuta akiitwa kujieleza. Clement alishika njia nyingine. Aliwakusanya wazee wa Kisukuma wakae kama kamati, wakamsaidia kukusanya nyimbo, methali, historia za watemi na vifaa. Aliingiza ngoma za Kisukuma katika ibada kabla Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ulioanza mwaka 1962, haujafungua mlango huo kwa Kanisa zima. Kanisa la Bujora lenyewe lina umbo la msonge, na altare yake imechongwa kwa mfano wa kiti cha mtemi.

Mpangilio wa makumbusho umefuata fikra hiyo hiyo. Si jengo moja lenye vyumba na kabati za vioo. Ni mabanda yaliyotawanyika kwenye eneo lenye miamba: banda la watemi, lililojengwa kwa umbo la kiti cha enzi na kuhifadhi ngoma za himaya, banda la wahunzi, nyumba ya mganga wa jadi, kaya ya Kisukuma, na banda la vyama vya ngoma. Ukitoka moja unapigwa na jua kabla ya kuingia jingine. Nadhani huu ni uamuzi mzuri kuliko wengi wanavyoutambua, kwa sababu unamlazimisha mgeni kutembea na kuchagua pa kwenda, na kuchagua pa kwenda ndiyo kazi ya mtazamaji wa ngoma hizi.

Kuna kifaa kimoja hapo ambacho si cha ngoma lakini kinastahili kutajwa. Ni pipa la kuzungushwa kwa mkono, linaloonyesha namna mbalimbali za kuhesabu moja mpaka kumi zilizotumiwa zamani na marika tofauti. Kila rika lilikuwa na hesabu yake, ambayo wa nje hakuielewa. Watoto wa shule hulipenda pipa hilo, na sababu yake iko wazi: bila kuguswa halisemi kitu. Kikombe cha kunywea kinaweza kutazamwa tu na bado ukaelewa kazi yake. Michezo na siri za vijana hazitazamwi hivyo. Aliyelibuni pipa alielewa kwamba starehe haionyeshwi bila mgeni kushirikishwa, na laiti fikra hiyo ingetumika kwa kila kifaa cha mchezo katika kila makumbusho tuliyo nayo.

Waganga wawili na wafuasi wao

Simulizi la chimbuko la vyama hivi linaanza katika karne ya 19 na watu wawili, Ngika na Gumha. Wote walikuwa waganga mashuhuri, na kila mmoja alijivunia kuwa dawa yake ndiyo kiboko. Ubishi wao ukapelekwa uwanjani: wafuasi wa huyu wacheze, na wa yule wacheze, tuone watu wanamfuata nani. Wa Ngika wakaitwa Bagika, wa Gumha wakaitwa Bagalu, na tangu hapo ushindani wa mbina, kama Wasukuma wanavyoiita ngoma ya kuchezwa, ukagawanyika njia mbili hizo.

Mtanzania wa leo hahitaji kuelezwa sana. Ni Simba na Yanga, tena iliyoanza kabla ya Yanga kuundwa mwaka 1935. Unaingia kwa sababu baba alikuwamo, unarithi marafiki na mahasimu, na majirani wawili wanaosaidiana kila siku wanaweza kutoleana maneno makali siku ya pambano. Ila kwenye mpira, uwanja ukiwa mtupu goli bado ni goli. Kwenye mbina, uwanja ukiwa mtupu hakuna matokeo kabisa. Mtazamaji hashuhudii ushindi wa mtu mwingine, yeye mwenyewe ndiye bao.

Hapa ndipo dawa inapoingia, na ndipo makumbusho yanapokuwa na kazi ngumu. Wachezaji hutumia dawa iitwayo samba, ambayo kazi yake ni kumfanya mchezaji na kikundi chake wavutie watu. Anayejiunga na chama anapokea dawa za ukoo wa waganga wa upande wake, na kiongozi wa kikundi, ningi kwa Kisukuma au manju kwa Kiswahili, anapimwa kwa sauti, kwa utunzi na pia kwa nguvu ya dawa zake. Mtu anaweza kuonyesha pembe au kibuyu kilichobeba dawa. Mchanganyiko wenyewe haonyeshi, kwa kuwa thamani yake ni kutojulikana na mpinzani.

Maandishi ya makumbusho mengi hukwepa jambo hili kwa kuandika kwamba "waliamini" dawa inavuta watu. Neno hilo sipendezwi nalo. Si lazima mwandishi wa kibandiko awe anaiamini samba, lakini anapaswa kueleza kwamba kwa mchezaji ilikuwa sehemu ya maandalizi, kama mazoezi na mavazi. Iligharimiwa, ilitafutwa mbali, na kikundi kilichoshindwa kilikwenda kwa mganga kuuliza kasoro iko wapi. Nyumba ya mganga na banda la ngoma yako mita chache tu mbalimbali hapo Bujora. Mgeni asiyeunganisha nyumba hizo mbili ameondoka na nusu ya habari, na nusu hiyo ndiyo inayoeleza kwa nini wachezaji walijituma kiasi kile.

Jembe lililovuka mabanda

Kama ningeambiwa nichague kitu kimoja cha kubeba historia yote hii, ningechagua jembe la mkono.

Anza na banda la wahunzi. Chuma kilikuwa mali Usukuma, na jembe lilikuwa zaidi ya zana ya shamba: lilibadilishana na bidhaa, likaingia hata kwenye mahari. Kisha toka nje, nenda kwenye ngoma ya bugobogobo. Hapo jembe lile lile linarushwa juu, linazunguka hewani na kudakwa bila mchezaji kupoteza mdundo, huku ngoma kubwa zikipigwa kwa fimbo na watu ambao nao wanacheza wanapopiga. Ngoma hii ilitoka shambani. Vikundi vya vijana vilikuwa vikilima kwa pamoja, wamejipanga mstari, majembe yakipanda na kushuka kwa wimbo na mdundo mmoja. Mwenye shamba alipata kazi iliyokamilika haraka, kikundi kilipata malipo na chakula, na kila aliyepita njia alipata burudani ya bure.

Ni rahisi kulisimulia hili kama jambo la kale lisilo na tarehe. Ndivyo vibandiko vingi vya makumbusho vinavyopenda, "jadi", basi. Lakini bugobogobo ilistawi katika karne ya 20, na iliyoistawisha ni pamba. Utawala wa Waingereza ulisukuma kilimo cha pamba kanda yote ya Ziwa. Mashamba yakapanuka kuliko nguvu za kaya moja, na fedha taslimu zikaingia mikononi mwa wakulima. Mwenye shamba kubwa alihitaji watu wengi kwa siku chache, na kikundi cha ngoma kilikuwa tayari kimepangwa, kina kiongozi, kina nidhamu na kina sababu ya kutaka sifa. Baada ya mavuno, kuanzia Juni, ardhi ikikauka na pamba ikiuzwa, vikundi hivyo hivyo viliachana na shamba vikaingia uwanjani. Mwaka 1955 wakulima wa kanda hiyo walikuwa na umoja wao wa ushirika, Victoria Federation of Co-operative Unions, ambao Paul Bomani alikuwa kinara wake. Ushirika na mbina zilizaliwa na jasho moja, na sioni kwa nini kibandiko cha jembe kisiseme hivyo.

Mkono wa tatu ulioligusa jembe ni wa taifa. Desemba 1962, siku moja baada ya Tanganyika kuwa jamhuri, Mwalimu Nyerere alilitangazia Bunge kuundwa kwa wizara ya utamaduni wa taifa na vijana, akilalamika kwamba wasomi wa siku zile walijua kucheza dansi za Kizungu kuliko ngoma za kwao. Kikundi cha ngoma cha taifa kilichoanzishwa baada ya hapo kilichukua bugobogobo kati ya ngoma zake, na Chuo cha Sanaa Bagamoyo, kilichoanza mwaka 1981, kikaendelea kuifundisha. Vijana wa Kizaramo, Kimakonde na Kihaya walijifunza kurusha jembe la Kisukuma. Vikundi vya majeshi navyo vikaicheza.

Hapo ngoma ilipata kitu na kupoteza kitu. Ilipata nchi nzima. Ilipoteza mpinzani. Jukwaani Dar es Salaam bugobogobo inachezwa peke yake, watazamaji wameketi, wote wanatazama upande mmoja, na inafuatiwa na sindimba. Hakuna Bagika wa kuwanyang'anya Bagalu watu. Kinachobaki ni ufundi bila hatari, na ukitazama kwa makini utaona hata jembe linarushwa kwa namna nyingine: kwa mpangilio, wote pamoja, kwa ajili ya macho yaliyo mbele. Uwanjani Usukuma mchezaji hurusha kwa ajili ya mtu aliye mbali, anayesitasita katikati ya makundi mawili.

Vitu vya kushtua

Umbali huo unaeleza aina nyingine ya vifaa ambavyo wageni huviona vya ajabu. Vikundi vya Kisukuma vilitumia sanamu za mbao, nyingine zikiwa na mikono inayochezeshwa, zikatolewa ghafla katikati ya ngoma ili watu washangae. Baadhi zilikusudiwa kuchekesha, nyingine zilikuwa na mzaha wa kitandani uliowafanya wazee watazame pembeni na vijana wasogee mbele. Sanamu hizi zimesambaa katika makusanyo ya Ulaya na Marekani, na huko zimekuwa zikiuzwa na kuonyeshwa kama sanaa ya uchongaji. Wapenda uchongaji huziona nzito na za kuparuzwa, si laini kama kazi za Wamakonde.

Lakini hazikuchongwa kwa ajili ya kutazamwa kwa karibu kwenye mwanga wa taa ya dari. Zilichongwa zionekane na mtu aliye umbali wa uwanja, katikati ya vumbi, kwa muda wa pumzi chache, zikiwa zinasogezwa. Kuilaumu sanamu ya namna hiyo kwa kukosa ulaini ni kutoielewa kazi yake. Kibandiko kinachosema "sanamu ya mtu, mbao, Usukuma" kimesema kweli, ila kimeficha kila kitu cha maana: ilitolewa wakati gani wa ngoma, nani aliishika, na watu walifanya nini ilipotokea.

Chatu ni suala jingine. Bayeye, chama cha wajuzi wa nyoka, walikuwa na dawa za sumu, ujuzi wa kushika nyoka na ngoma yao, na nyoka hai ndiye aliyekuwa kivutio. Banunguli walikuwa wawindaji wa nungunungu, mnyama anayeharibu mazao usiku, na ngoma yao ilikua kutokana na uwindaji huo wa kuingia mashimoni. Vyama hivi viliunganisha kazi yenye faida kwa jirani, tiba na tamasha, na mtu wa leo anayetaka kuvigawa katika safu tatu za "uchumi", "afya" na "burudani" atapata shida. Nyoka hai hawezi kuwekwa ukutani. Ndiyo maana kisanduku cha nyoka kikiwa kitupu kinahitaji maelezo marefu kuliko ngoma.

Ngoma zenyewe nazo zinahitaji uangalifu. Banda la watemi lina ngoma, na vyama vya mbina vina ngoma. Kwa macho, zote ni mti na ngozi. Ila ngoma ya himaya ilikuwa alama ya utawala, na kupigwa kwake kulikuwa tangazo. Baada ya uhuru serikali ilifuta mamlaka ya watemi, na mwaka 1963 ngoma hizo zikawa zimekosa ofisi. Ngoma ya mbina haikufutwa na sheria yoyote. Ilibadilishwa ngozi ikapasuka, ikabadilishwa tena, ikaendelea. Kwa hiyo ngoma ya mtemi inapendeza ikiwa ya zamani, na ngoma ya mbina ikiwa ya zamani sana ina maana kwamba iliacha kutumika. Uzee, ambao makumbusho huuhesabu kama thamani, kwa upande huu ni dalili ya kikundi kilichokufa au kilichopata fedha ya kununua nyingine.

Bulabo, au makumbusho yanapokuwa mchezaji

Mpaka hapa nimezungumza kana kwamba makumbusho yalikuwa pembeni yakitazama. Kwa Bujora si kweli.

Parokia iliunganisha ushindani wa ngoma na Sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo, ambayo huangukia mwisho wa Mei au Juni, mwanzoni mwa kiangazi. Maandamano ya Ekaristi yalipambwa kwa maua, na sherehe ikajulikana kwa jina la Bulabo, yaani maua. Baada ya ibada, Bagika na Bagalu wakakutana uwanjani. Tamasha hilo likakua mpaka likawa la siku nyingi, na likawa mahali ambapo vikundi kutoka sehemu mbalimbali za Usukuma vinajipima.

Tazama kilichofanyika. Ushindani ulioanzishwa na waganga wawili, na ambao wachezaji wake bado wanatafuta samba kabla ya kuingia uwanjani, umewekwa kwenye kalenda ya Kanisa Katoliki, kwenye kiwanja cha Kanisa, kando ya makumbusho ya Kanisa yenye nyumba ya mganga ndani yake. Kuna watu wangeona mgongano hapo. Sidhani kuwa wachezaji walipata taabu kubwa. Walihitaji tarehe inayojulikana, mahali penye nafasi, na umati. Kanisa liliwapa vyote vitatu. Nalo Kanisa lilipata kujaza sherehe yake na watu ambao wasingekuja kusikiliza mahubiri tu. Nani alimtumia mwenzake? Nadhani walitumiana kwa ridhaa, na historia ya burudani popote imejaa mapatano ya namna hii, kati ya muziki na baa, kati ya mpira na kiwanda.

Kwa mchambuzi wa makumbusho, matokeo yake ni makubwa. Bujora haikuhifadhi mabaki ya ushindani uliokwisha. Ilisaidia kuamua ushindani huo uchezwe lini, wapi na mbele ya nani. Kwa hiyo historia ya banda la ngoma inapaswa kumtaja Padri Clement na kamati yake kama wahusika ndani ya historia, si kama waliookota vitu. Hili huwa gumu kwa makumbusho yoyote kulikiri, maana linawaondolea ule usalama wa kujifanya dirisha safi.

Siku hizi kuna mhusika wa nne, naye ni jukwaa la wageni rasmi. Kisesa imekuwa mahali pa shughuli kubwa za kitaifa za utamaduni. Septemba 2021 ndipo Rais Samia Suluhu Hassan alipotawazwa huko kuwa chifu na kupewa jina la Hangaya. Shughuli za namna hiyo huleta barabara, habari na fedha, na wachezaji hawazikatai. Lakini kila ngoma inapochezwa kuelekea jukwaa lenye viti, kanuni ya miguu inalegea, kwa kuwa mheshimiwa hawezi kuinuka akakimbilia upande wa pili bila itifaki kuchanganyikiwa.

Sauti iliyokwenda kwingine

Kuna pengo moja ambalo vifaa haviwezi kuliziba hata vingekuwa elfu. Ngoma za ushindani ni maneno. Manju hutunga kejeli dhidi ya mpinzani, hujisifu, hutaja majina, huchokoza. Mtu aliweza kuacha kikundi chenye wachezaji hodari akaenda kwa kikundi chenye maneno makali zaidi, ili kesho awe na la kusimulia. Na kuna wigashe, uimbaji wa vijana wakiwa wameketi, ambao karibu hauna kifaa cha kuonyesha. Ungeuwekaje kwenye kabati? Benchi?

Rekodi za zamani zipo. Mwaka 1950 Hugh Tracey alizunguka Tanganyika na mitambo ya kurekodi na kuchukua nyimbo za makabila mengi, za Wasukuma zikiwamo. Rekodi zake ziko katika maktaba ya muziki aliyoianzisha mwaka 1954, International Library of African Music, ambayo sasa iko Makhanda, Afrika Kusini. Basi ngoma iko Bujora, sanamu iko Ulaya, sauti iko Afrika Kusini, na anayejua maana ya kejeli iliyoimbwa ni mzee fulani aliyeketi nyumbani kwake Magu au Kwimba. Kati ya vyote hivyo, wa mwisho ndiye asiyeweza kusubiri.

Pengo hili linaleta jingine, la majina. Tuna desturi mbaya ya kuandika jina la kabila pale ambapo lingeandikwa jina la msanii. Kwenye mbina desturi hii haina udhuru, kwa sababu manju walikuwa watu mashuhuri, waliojulikana kwa majina na kwa nyimbo zao. Wasukuma hawakwenda kutazama "ngoma ya Wasukuma". Walikwenda kumtazama fulani, na walikuwa tayari kutembea kwa miguu siku nzima kwa ajili yake.

Nini kifanyike kwa kisa hiki

Nikipewa banda la ngoma nipange upya, nisingeanza na rangi wala taa. Ningeanza na mpangilio wa nafasi: Bagika upande mmoja na Bagalu upande wa pili, vikitazamana, na mgeni aingie katikati akiwa hajaelekezwa aanzie wapi. Atakwenda anakovutwa. Mwongozaji amuulize baadaye kwa nini alianza kule, na mazungumzo yatakuwa yameshaanza bila hotuba ya Ngika na Gumha.

Kila kifaa kingekuwa na maelezo ya namna kilivyovuta: kilionekana kutoka umbali gani, kilitoa sauti gani, kilitolewa mwanzo wa ngoma au mwisho. Jembe lingekuwa na maelezo mawili, moja banda la wahunzi na jingine banda la ngoma, yakirejeana. Dawa ingeelezwa na mganga mwenyewe kwa kadiri anayokubali, na anapokataa, kibandiko kiseme amekataa.

Maonyesho ya ngoma kwa wageni yangekuwa ya vikundi viwili kila inapowezekana. Najua gharama yake. Watalii wanaofika Bujora kwa oda huchezewa na kikundi kimoja, na kulipa vikundi viwili ni fedha mara mbili. Lakini kikundi kimoja kikigawanywa sehemu mbili kwa nusu saa, wageni wakaambiwa wasiketi, kanuni itaeleweka hata na mtoto wa darasa la pili. Ukosefu wa viti nao utapunguza gharama.

La mwisho linahusu daftari la mkusanyo. Vifaa vya mbina visichukuliwe mara moja na kufungiwa. Vikundi vilivyo hai viweke vifaa vyao Bujora kwa mkataba, vivichukue msimu wa Juni hadi Agosti, na vivirudishe baada ya mashindano. Mtunza makumbusho aliyefundishwa kuogopa mkwaruzo atapinga, na kwa ngoma za himaya yuko sahihi kupinga. Kwa ngoma za mbina, daftari liongezewe safu tatu: ilichezwa wapi msimu huu, nani aliipiga, na watu walikwenda upande gani. Ngozi mpya ikiwambwa, iandikwe tarehe na jina la aliyeiwamba, na ngozi iliyopasuka itundikwe bandani ikiwa na maelezo ya siku ilipopasukia.